PARI/GP: kalkuleta ya bure ya namba ndefu, ila sura haina

Kama kalkuleta ya simu inakuletea ile 1.4757E20 ukizidisha namba kubwa, hii ndo dawa yake. PARI/GP ni programu ya bure kabisa, imetokea chuo kikuu cha Bordeaux kule Ufaransa, unaipakua mara moja tu, baada ya hapo hata bando likikata inapiga kazi na tarakimu zote inakupa bila kukata.

Muonekano sasa, daah. Dirisha jeusi, alama ya kuuliza, basi. Hakuna kitufe, unaandika mwenyewe, na maelezo yake ya msaada ni Kiingereza kitupu. We vumilia, andika factor(2^67-1) ubonyeze enter. Hapo umeiuliza vigawanyo vya 147573952589676412927, tarakimu 21, na hii namba ina visa vyake: Mersenne, mtawa Mfaransa wa hesabu, alisema 1644 kuwa ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, ikaja kukaa hivyo miaka na miaka mpaka Lucas, mwanahisabati Mfaransa, 1876 akaonyesha sio tasa, ila vigawanyo vyake hakuvitoa maana njia aliyotumia haivitoi. Cole, mwanahisabati Mmarekani, ndo akavileta New York mwaka 1903, inasemekana vilimla Jumapili za miaka mitatu. Hii programu inavitema hata kidole hujakitoa kwenye enter: 193707721 na 761838257287. Toa 1 kwenye kila kimoja halafu gawa kwa 67, hakibaki kitu, na wala sio bahati, 67 yenyewe ni tasa kwahiyo kigawanyo chochote cha 2^67-1 lazima kiwe hivyo. Ukiandika numdiv(2^67-1), yaani idadi ya vigawanyo, inakujibu 4, yaani 1, hao wawili, na namba yenyewe.

Sasa mambo ya kasi. isprime(2^127-1), tarakimu 39, jibu ni 1 papo hapo, maana yake ndiyo, tasa. Ila chukua RSA-2048, ile namba ya tarakimu 617 ya shindano la kampuni ya RSA la kutafuta vigawanyo, uibandike: ispseudoprime, kipimo cha haraka cha utasa, inakujibu 0 fasta, sio tasa, halafu ukienda kwenye factor inaganda hapo mpaka uikatishe mwenyewe kwa Ctrl na C. Usiilaumu programu, vigawanyo vya hiyo namba mpaka leo hakuna aliyevitangaza. Kujua namba sio tasa ni kazi moja, kujua imetokana na zipi ni kazi nyingine kabisa, ndo palepale alipoishia Lucas, na mimi kitu hiki nilikielewa vizuri zaidi humu kuliko kwenye daftari.

Kwa hesabu za duka usijisumbue nayo. Mwalimu wa hesabu au mwanafunzi wa form six aiweke tu. Na mwisho wa mstari weka nuktamkato kama hutaki jibu litokee, maana 2^1000000 itakumwagia tarakimu 301,030 kwenye skrini.