Uzoefu wangu: flashi ya hotuba za Mwalimu niliyomnunulia baba

Nimeinunua Moshi mjini, jirani na stendi, kwa kijana anayejaza nyimbo na mahubiri. Flashi ya GB 8, shilingi 15,000, hotuba za Mwalimu Nyerere tupu. Baba alikuwa askari Vita vya Kagera, nikaona hiyo ni zawadi bora kuliko shati lingine.

Niseme kwanza kilichonigusa. Wengi wetu tunakijua kile kipande kinachozunguka kwenye simu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Humu unapata na maneno yaliyokitangulia, Novemba 1978, Mwalimu akiwaeleza wazee wa Dar es Salaam, ukumbi wa Diamond Jubilee, jinsi Idi Amin wa Uganda alivyovamia ardhi yetu Kagera. Anaongea taratibu, kama mwalimu darasani, kisha sauti inapanda. Baba aliweka kikombe chini, akanyoosha kidole kwenye sabufa: "Hapo. Hapo ndipo kambini tulinyamaza wote." Yeye aliisikia redioni kabla hajapelekwa mbele. Daraja la Kyaka lilikuwa limeshavunjwa, kwa hiyo kuuvuka Mto Kagera ni hadithi ndefu ambayo miaka yote hakuwahi kutusimulia. Siku hiyo alisimulia mpaka taa ya chemli ikaanza kutoa moshi.

Mama naye akaongezea la hapa hapa Moshi: Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana mjini kwetu, wakamchagua Yusuf Lule awaongoze. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, Lule akawa rais. Baba wakati huo yuko vitani, habari za mkutano wa nyumbani kwao akazipata baadaye kabisa.

Kasoro zipo, na zimeniuma kwa sababu kazi yenyewe ni ya thamani. Mafaili yameandikwa namba tu, hayana mwaka wala mahali. Ya Azimio la Arusha ya 1967 imekaa baada ya Mei Mosi ya Mbeya ya 1995, na ya kung'atuka 1985 imeingia mara mbili. Mtoto atajuaje kwamba mwalimu aliyeacha kazi shule ya Pugu mwaka 1955 ndiye huyu amiri jeshi wa 1978? Tena ile ya vita imekatika kabla ya mwisho. Nilimrudishia kijana, akanijazia nzima bila kuniongezea bei, ila nauli ya kurudi mjini ni yangu. Sikiliza faili zote hapo hapo kabla hujalipa.

Rekodi za zamani zinakwaruza. Punguza besi, maneno yatasikika vizuri.

Nitanunua nyingine ya kaka yangu Arusha. Hii ya baba tayari ina daftari lake. Binti yangu ameshika kalamu, babu anasikiliza dakika mbili, anasimamisha, anamwambia: "Namba saba. Andika: Diamond Jubilee, 1978."