Mandara kwa siku moja au Rwenzori kwa wiki: wapi kugumu zaidi?

Ukitazama namba za siku ya kwanza, utadhani ni kitu kimoja. Kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, kule Kilimanjaro, unapanda karibu mita 850. Kutoka kijiji cha Nyakalengija hadi kambi ya Nyabitaba, milima ya Rwenzori upande wa Uganda, ni mita 1,000 na ushee. Kote utahema.

Ila Mandara (mita 2,720) unafika, unakula ndizi na yai la kuchemsha, unashuka, jioni unaoga maji ya moto. Njia imetengenezwa, raba zenye meno na koti la mvua vinatosha.

Rwenzori kesho yake unavaa soksi zilezile, bado mbichi. Ugumu uko hapo. Kwenye kinamasi cha Bigo, pasipo na mbao za kupitia, watu huvaa gambuti, na tope likiling'ang'ania unavuta mguu, unatoka peku, gambuti limebaki chini. Na mbele kuna barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109. Ukiteguka kifundo huko, barabara iko mwendo wa siku kadhaa. Magoti yangu yameshachagua: Mandara, hata mara kumi.