Shibiri ya Mwisho ya Mguu: Mwongozo wa Kununua Suti ya Kuzamia

Mwezi wa Julai mwaka jana, kusi ikiwa imechachamaa na boti yetu ikiwa imefungwa kwenye boya karibu na kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, nilikuwa na wageni wanne waliokwisha kufunga mitungi wakisubiri niwashushe kwa mbizi ya pili, na mguu wangu wa kulia ukakwama ndani ya suti. Nilivuta, nikasikia mlio wa kitambaa kinachobanduka, na nilipougeuza mguu wa suti nje ndani nikaona bitana imeachana na mpira kuanzia kwenye pindo la kifundo hadi katikati ya shavu la mguu, imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nahodha akaniita mara mbili, "Dada, wageni wako tayari," nami nikalazimika kushuka hivyo hivyo, kitambaa kikiwa kimefumbatana kisiginoni na maji yakiingia na kutoka kila nilipopiga pezi. Suti hiyo nilikuwa nimeinunua miezi mitano tu kabla ya siku ile, kwa shilingi 520,000 za Tanzania, fedha niliyoiweka akiba msimu mzima.

Tangu hapo nimeshika na kugeuza kila suti iliyopita mbele yangu, ya wageni, ya wenzangu wa vituo jirani na ya madukani, na mwongozo huu umetokana na kazi hiyo. Sitazungumzia rangi, wala umbo, wala unene. Bahari yetu huwa na joto la nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na hupanda hadi 29 au zaidi ifikapo Machi, na mzamiaji yeyote wa pwani hii anajua kwamba milimita 3 zinamtosha. Jambo ambalo halizungumzwi, na ambalo ndilo litakaloamua kama suti itaishi miaka minne au miezi mitano, ni bitana yake, hasa ile ya shibiri ya mwisho ya mguu.

Suti hizi hutengenezwa kwa neopreni, yaani mpira uliojaa vipovu vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto la mwili lisipotee majini. Mpira wa namna hiyo ni dhaifu sana, kiasi kwamba ukucha mmoja unatosha kuupasua. Suti za mwanzo, zilizotokana na kazi ya mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilikuwa mpira mtupu, na wazamiaji wa enzi hizo walijipaka poda mwilini ili waweze kuziingia. Baadaye mpira ukaanza kubandikwa kitambaa cha nailoni, nao ukapata mambo mawili kwa pamoja, nguvu ya kutochanika na utelezi wa kuvalika. Lakini mpira huvutika kuliko nailoni, na baina yao ipo gundi tu. Unapovuta suti kwa nguvu, mpira hunyumbuka, kitambaa hugoma, na gundi ndiyo inayoumia. Ubora wa bitana, kwa hiyo, ni ubora wa vitu viwili ambavyo huwezi kuviona ukiitazama suti imetundikwa: uwezo wa kitambaa kuufuata mpira, na uimara wa gundi inayovishikanisha.

Sasa fikiria kifundo cha mguu. Pindo la suti lazima liukumbatie mguu hapo ili maji yasipite ovyo, lakini pindo hilo hilo lazima lipitishe kisigino, na kisigino pamoja na mgongo wa wayo ni vipana kuliko kifundo. Hakuna mahali pengine katika suti panapotanuliwa kiasi hicho, kwa nguvu hiyo, mara nne kwa siku kwa mtu anayevaa na kuvua mara mbili. Isitoshe, hapo ndipo tunaposhika kwa kucha, na hapo ndipo mchanga wetu mweupe wa matumbawe unapoingia na kusugua kama msasa. Watengenezaji wengi huweka bitana nzuri kifuani, mahali ambapo mnunuzi hupapasa kwanza, kisha wakamalizia miguu kwa nailoni ngumu ya bei ndogo. Nimeiona hali hii hata katika suti za bei ya kutisha, na inaniudhi kwa sababu haionekani mpaka uwe umekwisha kulipa.

Ukienda dukani, geuza mguu wa suti nje ndani. Ibane bitana kwa vidole viwili karibu na pindo, kisha uivute taratibu kama unayetaka kuiinua kutoka kwenye mpira. Ikiinuka hata kidogo, irudishe suti mahali ulipoitoa. Tazama pia kama kuna malengelenge, yaani sehemu ndogo zilizovimba, kwa kuwa hizo ni sehemu ambazo gundi haikushika au imekwisha kuachia kwa joto la dirisha la duka. Halafu ingiza vidole gumba vyote viwili ndani ya pindo na ulitanue hadi upana wa kisigino chako. Ukisikia nyuzi zikilia, ujue mshono huo umeshonwa kwa uzi usiovutika, na utakatika kabla ya msimu kwisha.

Jaribio la mwisho ndilo muhimu kupita yote, nalo ni kuivaa ukiwa na mguu uliolowa. Suti nyingi huvalika vizuri mguu ukiwa mkavu na mtu amekaa kwenye kiti chini ya feni. Kwetu sisi ugumu uko kwenye mbizi ya pili, baada ya saa nzima juu ya boti, ngozi ikiwa na chumvi na bitana ikiwa imelowa na kupoa kwa upepo. Nailoni ya kawaida ikilowa hung'ang'ania ngozi. Mimi sasa huenda dukani na chupa ya maji na taulo, nikamwomba muuzaji ruhusa ya kulowesha mguu wangu kuanzia kifundo kushuka chini, kwa kuwa suti ambayo kazi yake ni kulowa haiwezi kuharibiwa na kikombe cha maji.

Katika suti zote nilizozijaribu kwa njia hiyo, ninayoipa nafasi ya kwanza bila kusita ni Scubapro Everflex, ile yenye milimita 3 kiwiliwilini na 2 mikononi na miguuni. Nakiri kwamba naipenda, na sioni sababu ya kulificha hilo. Bitana yake yenye vinyweleo imewekwa kiwiliwilini, na miguuni kuna kitambaa laini kinachonyumbuka pamoja na mpira badala ya kushindana nao, hivyo kisigino hupita hata kikiwa kimelowa, kwa mvuto mmoja mrefu badala ya kuvuta na kupumzika. Gundi yake haina vimumunyisho vya kemikali, jambo ambalo kampuni hulitangaza kwa ajili ya mazingira. Mimi nilitaka kujua kama inashika. Ninayoivaa imepita msimu mzima wa kusi na wa kaskazi, na juzi niliigeuza mguu chini ya taa nikaipapasa sentimita kwa sentimita: bitana imekaa pale pale, pindo halijaacha uzi hata mmoja. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya suti za kawaida, na kwa mtu anayezamia mara tatu kwa mwaka sitamlazimisha. Kwa mwalimu au kiongozi wa wazamiaji anayeingia majini kila siku, ndiyo suti ya kununua, hata kama atalazimika kusubiri msimu mwingine ili fedha itimie.

Nafasi ya pili naipa Thermocline ya Fourth Element, kampuni ya Cornwall nchini Uingereza. Hii si neopreni kabisa, bali ni kitambaa cha tabaka kadhaa chenye manyoya laini upande wa ndani, na kwa kuwa haina vipovu vya gesi haikuinui majini, nawe unapunguza risasi, yaani vipande vya uzito vya kukuzamisha, kiunoni. Kwa urahisi wa kuvaa inashinda zote, hata Everflex. Mwenzangu mwenye maumivu ya bega huivaa peke yake, pasipo kumwomba mtu amvutie. Nimeiweka ya pili kwa sababu manyoya hayo hunasa mchanga, na ukivalia ufukweni badala ya kuvalia ndani ya boti utajikuta na punje zilizojikusanya katika shibiri ile ile ninayoilalamikia. Mtu mwepesi kusikia baridi ataihitaji nyingine ya kuongezea mwezi wa Agosti.

Ya tatu ni Bare Reactive ya milimita 3, ya kampuni iliyoanzishwa Kanada, ambayo bitana yake ina nyuzi zilizochanganywa na madini ili kurudisha joto la mwili. Habari ya joto nawaachia wanaozamia maji ya baridi. Nilichokiona ni kwamba bitana ni nene, imeshika vizuri, lakini huchukua muda mrefu kukauka, na suti isiyokauka usiku mmoja ni suti utakayoivaa asubuhi ikiwa bado ina unyevu na uzito.

Kuhusu suti za bei nafuu sina mengi. Cressi Morea ya milimita 3 ndiyo ningeichukua kama mfuko haukuruhusu zaidi, mradi uchague saizi isiyokubana kifundoni. Zile zisizo na jina, zinazouzwa zimekunjwa ndani ya plastiki, ziacheni.

Ninalo jambo na wauzaji. Niliporudisha ile suti iliyobanduka, muuzaji aliishika kwa ncha za vidole, akaniambia kwamba nimeivaa vibaya, kana kwamba mtu aliyezamia miaka tisa hajui kuingiza mguu ndani ya suti. Nilipokuwa nikiinunua alinikataza kulowesha mguu. Nilipoirudisha alisema ningeijaribu kwanza. Suti zake hutundikwa dirishani jua la saa nane likizipiga moja kwa moja, na kila mwenye kuuza vifaa hivi anajua kwamba joto hulegeza gundi. Sisi wanawake tunaonewa zaidi, kwa kuwa duka huleta saizi mbili za kike, zote nyembamba mapajani, kisha tunashauriwa kuchukua ya kiume, ambayo miguu yake ni mirefu na hukunjamana kifundoni, mahali pale pale bitana inapoanza kufa. Halafu bei ni ya mtalii hata kwa sisi tunaowahudumia hao watalii. Ninachowaomba ni beseni moja la maji, kiti kimoja, na kivuli.

Wageni wengi hufundishwa makwao kuvaa mfuko wa plastiki mguuni ili kisigino kiteleze, na mbinu hiyo ni kweli inafanya kazi, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi. Badala yake vaa soksi nyembamba ya nailoni, zile wanazovaa akina mama wa ofisini, pitisha mguu, kisha uitoe. Hupunguza kuvuta kwa kiasi kikubwa, nayo hukaa ndani ya kiganja. Ukishavaa hadi magotini, usishike pindo tena. Kunja suti nje ndani kutoka juu, ushike unene wote wa suti kwa ncha laini za vidole na uipandishe kidogo kidogo. Jioni isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, na si ya kisima cha ufukweni ambayo mara nyingi ni chumvi tupu, kisha uitundike kivulini ikiwa imegeuzwa, miguu ikining'inia wazi ili maji yasibaki pindoni.

Kama suti yako imekwisha kubanduka kama yangu, usiitupe. Neopreni haifumuki ikikatwa, kwa hiyo nilichukua mkasi mkali nikaikata ile yangu juu ya shavu la mguu, pale ambapo bitana bado imeshika, na sasa huvaliwa na wanafunzi wapya katika maji ya magotini wanapojifunza kupumua kwa mtungi.