Mitumba ya Kibuye kwa theluji ya Mlima Kenya: cha kununua na cha kuacha palepale

Ukitoka Kisumu kwenda Mlima Kenya wakati wa vuli, soko la Kibuye linakutosha kwa karibu kila kitu cha kuvaa. Kwa kitu chochote cha kukuzuia usianguke, halitoshi hata kidogo. Viatu tumevipa nafasi kubwa hapa kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Kwanza mlima wenyewe. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua inayonyesha bondeni huko juu ya mita 4,500 mara nyingi ni theluji, na siku nyingine hushuka hadi kambi za Shipton's na Mackinder's, zilizo kwenye mita 4,200 na ushee. Theluji hii ya mwanzo wa msimu ina maji mengi na haijashikana. Imefunika mawe bila kujaza nafasi zilizo kati yake, kwa hiyo unakanyaga peupe mguu unazama hadi kwenye changarawe inayoporomoka. Juu ya miamba hubaki utando mwembamba wa barafu ambao tochi ya kichwani haiuonyeshi. Usiku yote huganda na kubeba uzito wa mtu. Kufika saa nne asubuhi imekuwa uji. Ndiyo sababu waongozaji huamsha watu saa nane au saa tisa za usiku ili wafike kilele cha Point Lenana, mita 4,985, kunapokucha, na wawe wameshashuka mteremko mkali kabla haujalegea. Jambo jingine: tangu mwishoni mwa Septemba jua linakuwa upande wa kusini wa ikweta, kwa hiyo miteremko inayotazama kaskazini, yaani ya njia ya Sirimon, hukaa na theluji muda mrefu kuliko ile ya Naro Moru. Amua njia kwanza, ndipo uende sokoni.

Kwa nini Kibuye na si Nakuru, ilhali wengi wa Magharibi tunapitia Nakuru tukielekea Nyahururu na Nyeri? Ni kwa sababu ya joto. Nakuru ina wateja wa Molo na Kuresoi, na wauzaji wake wanajua vizuri thamani ya koti zito. Kisumu iko kwenye mita 1,131 kando ya ziwa. Nani ananunua suruali ya theluji hapa? Koti zito likitoka kwenye bale hukaa chini ya rundo wiki baada ya wiki. Mshindani wako wa kweli ni mwendesha boda boda, anayetaka jaketi la kukata upepo wa usiku, na huyo huwahi mapema. Nenda Jumapili, siku kubwa ya soko, asubuhi bale zikifunguliwa.

Sasa viatu. Buti za mlimani zinazofika hapa nyingi zimekaa kabatini Ulaya miaka mingi kabla ya kuingizwa kwenye bale. Ngozi inang'aa, meno ya soli hayajalika, na muuzaji atakuapia kwamba hiyo ni kamera, daraja la kwanza. Kwa macho hajakosea. Ubovu uko katikati, kwenye tabaka la povu lililo kati ya soli ya mpira na ngozi. Buti nyingi za zamani zina povu la poliyurethani, na unyevu wa hewa hulimeng'enya polepole hata kiatu kisipovaliwa. Kiatu kama hicho hutembea vizuri kilomita chache, kisha soli nzima inabanduka, na hilo halichagui mahali: linaweza kukukuta kwenye kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, usiku, ukiwa hujafika kileleni.

Kipimo chake hakichukui dakika. Bonyeza lile tabaka kwa ukucha wa kidole gumba, pembeni mwa kisigino. Lililo zima hurudi. Lililooza hubaki na shimo, au hutoa chembe zinazonata kidoleni. Kisha kamata kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukunje kwa nguvu mara kadhaa huku ukitazama pale vidole vinapojikunja. Nyufa ndogo zikifunguka hapo, rudisha kiatu, hata wakipunguza bei hadi nusu. Usikubali maneno ya "fundi atashona tu." Fundi wa viatu wa sokoni ni hodari, lakini uzi anaoupitisha kwenye povu lililooza haushiki kitu. Kazi inayodumu ni kung'oa povu lote, kuweka jipya, kisha kubandika na kushona soli, na mara nyingi gharama hiyo inazidi bei ya buti.

Kukunja huko kunakuonyesha pia ugumu wa soli. Kwa Lenana huhitaji buti ya chuma, ila ikijikunja kirahisi kama raba za mbio haitakata ngazi kwenye theluji iliyoganda, na mashavu ya miguu ndiyo yatakayolipia. Tafuta inayopinda kidogo tu kwa mikono miwili. Saizi pima mchana, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi mbili: kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha, kidole cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Ikibana, damu haifiki vidoleni na baridi itakupata hata kama ngozi ni nzuri. Ukifika nyumbani, jaza tishu ndani, tumbukiza buti kwenye beseni hadi karibu na kulabu za kwanza za kamba, subiri dakika kumi. Tishu ikilowa, buti hiyo ni ya kiangazi.

Jaketi la mvua lina ugonjwa unaofanana na huo. Geuza ndani nje. Ukiona maganda meupe yanabanduka kama ngozi iliyoungua jua, au utepe wa mishono umenyanyuka kwapani na mabegani, liache. Linuse pia: harufu kali inayokaribia ya matapishi ni dalili ya kemikali ya ndani kuvunjika, na hakuna sabuni itakayoiondoa. Likipita hapo, mimina maji kidogo begani. Yakikusanyika matone na kubingirika, vizuri. Yakisambaa na kuloweka kitambaa cha nje tu, bado kuna matumaini: fua kwa sabuni ya maji kidogo bila dawa ya kulainisha nguo, suuza mara mbili, anika, kisha pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kikavu cha pamba. Mara nyingi kinga ya nje huamka. Kofia ya jaketi iingie juu ya boshori, na zipu uivute ukiwa umevaa glavu. Kishikio kidogo cha zipu kinachokushinda hapa Kisumu hakitavutika kwenye baridi.

Makoti ya manyoya ya bata ndiyo yanayopendeza zaidi kwenye rundo, na hapa tunatofautiana na wengi: kwa theluji ya vuli, usiyategemee njiani. Theluji hiyo huyeyuka mabegani, manyoya yakilowa yanashikana vibonge na joto linakwisha. La kuvaa ukitembea liwe la nyuzi za viwandani, hata kama ni zito zaidi. La manyoya libaki kambini, ndani ya mfuko wa plastiki, na kabla ya kulipa lipapase ukitafuta sehemu zilizobaki kitambaa kitupu.

Flisi zimejaa, ni rahisi, chukua mbili.

Suruali za kuteleza kwenye theluji ndizo thamani bora kuliko kitu chochote Kibuye, na watu hawazioni. Angalia ndani ya pindo la mguu: nyingi zina kitambaa cha pili chenye mpira unaobana juu ya buti. Hicho kinazuia theluji kuingia kiatuni, kazi ambayo ungenunua vifunika miguu kuifanya. Mpira ukiwa umelegea, fundi cherehani anabadilisha hapo hapo ukisubiri. Jeans ziache nyumbani kabisa.

Glavu ni udhaifu mkubwa wa soko hili. Nyingi ni za mkono mmoja, au bitana yake haijashonwa kwenye ncha za vidole: ukitoa mkono uliolowa, bitana inatoka nayo na hairudi. Ingiza mkono, vuta nje kwa haraka, ujaribu tena. Usipopata nzuri, nunua za sufu jozi mbili, na glavu kubwa za mpira za kuvaa juu yake. Hazipendezi, mkono unatoa jasho, lakini upepo na maji havipiti.

Miwani ya jua ya kutembezwa mkononi usiinunue kwa ajili ya theluji, hata ikiwa nyeusi tii. Kioo cheusi kisicho na kinga ya miale ya UV hufanya mboni ipanuke, na huweza kuingiza miale zaidi kuliko ungetembea bila miwani. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni. Tafuta duka la miwani, uliza yenye alama ya daraja la 3 au la 4, na inayofunika pembeni.

Kamba za kupandia, mikanda ya kujifungia na kofia ngumu hazinunuliwi mtumba, basi. Nailoni huchoka bila kuonyesha alama, na hujui ilikaa karibu na asidi ya betri ya nani. Kramponi, yaani meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, zikitokea kwa bahati, jua kwamba zile ngumu za barafu zinahitaji buti ngumu. Zikifungwa kwenye buti laini hulegea na kuchomoka. Kwa njia za kawaida za Lenana, minyororo ya mpira yenye meno mafupi, ya kuvalisha juu ya kiatu, inafaa zaidi kwa theluji nyembamba juu ya mawe, maana meno marefu hukwama na kuteleza kwenye miamba. Ukienda kupanda vilele vya Batian au Nelion, kodisha vifaa Naro Moru au Nanyuki, ukivipima mwenyewe kabla ya kulipa.

Kuhusu bei, ya kwanza utakayotajiwa ni ya mgeni. "Mama, mwisho ngapi?" inapunguza kiasi, kuonyesha ubovu kwa kidole, bila kelele, inapunguza zaidi. Nunua viatu mwanzoni mwa Septemba, si wiki ya safari. Vipandishe vilima vya Riat, nje kidogo ya Kisumu, na mzigo mgongoni Jumamosi kadhaa, siku za mvua hasa, na kila ukirudi rudia kipimo cha ukucha: povu lililoanza kuchoka kwa kawaida hujionyesha huko, kukiwa na matatu ya kukurudisha mjini.