Ununue chombo gani ukitaka kujifunza kusafiri kwa tanga?

Kwa anayeanza, Unguja au Pemba, mimi naweka mbele ngalawa, tena iliyokwishatumika. Ikivunjika, fundi yupo hapo hapo kijijini. Matengo yake mawili, yaani mbao zinazoelea ubavuni huku na huku, yanaizuia isipinduke ovyo, na inapita kwenye maji ya magotini, jambo kubwa kwa wakaazi wa Jambiani na Paje ambako maji yakitoka hubaki mchanga mtupu.

Ikague ikiwa juu pwani. Chukua kisu udunge chini, khasa pale maji ya ngama, yaani ya chini ndani ya chombo, yanapotuama. Kikizama kama kwenye papai, aga uondoke. Kisha yatikise matengo. Kamba zikilegea si neno, hufungwa upya, lakini mti ukiwa umepasuka kwenye tundu, punguza bei. Rangi ya jana jana inanitia shaka. Tanga liinue juani: matundu yatajionesha yenyewe.

Kasoro yake ni foromali, ule mti unaobeba tanga. Ukitaka kugeuza upande sharti uizungushe pamoja na tanga mbele ya mlingoti, na upepo wa kusi ukivuma sawasawa mtu peke yake haiwezi. Anza wakati wa maleleji, kati ya kusi na kaskazi, upepo umelegea, na uwe na mwenzako.

Ya pili ni Laser, chombo kidogo cha kisasa cha mashindano: urefu mita 4.23, tanga la mita 7 za mraba, baharia mmoja. Kugeuza ni kuinama tu, tanga likapita juu ya kichwa. Ikipinduka unaukanyaga ubao wake wa chini, inasimama. Kwa kufundisha upesi inaishinda ngalawa, nakiri. Ila ubao huo ndio unaogonga mwamba maji yakiwa haba, na kipuri kikikatika hukipati sokoni Darajani.

Mtoto asiyezidi miaka 15 mtafutie Optimist, chombo kidogo cha tanga cha watoto. Ilibuniwa Marekani mwaka 1947, ina mita 2.36 na kilo 35 tu. Za mwanzo ziliundwa kwa plaiwudi, kwa hivyo seremala hodari akipewa vipimo anaiweza. Mtu mzima asijisumbue, hana pa kuweka magoti.

Mashua iwe ya mwisho. Inataka mabaharia, inataka kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao, kila mara, na pesa zako zitaishia kwenye pamba na misumari. Ni chombo cha kuchumia.

Mkishapatana, andikianeni mbele ya sheha. Jaketi la kujiokolea nunua wewe, na dai upo, yaani kata ya kufulia maji chomboni, kabla hujatoa pesa; wauzaji wana tabia ya kuondoka nao.