SUV ya siti saba: anzia siti ya nyuma kabisa

Watu wengi wakienda kuangalia gari ya siti saba wanakimbilia usukani, wanawasha muziki, wanakanyaga mafuta kidogo na hapo hapo washapenda. Acha kwanza. Panda mwenyewe siti ya tatu, mwingine aendeshe, ukae huko kama dakika kumi. Magoti yakikaribia kidevu basi ujue hiyo ni gari ya siti tano imeongezewa mbili za dharura, na kama mnasafiri na bibi mtasikia njia nzima.

Kwangu mimi namba moja ni Mazda CX-8. Ilitoka 2017, Mazda wenyewe walisema nyuma kabisa anakaa mtu wa hadi sentimita 170, halafu siti za kati zinasogea mbele na nyuma kwa hiyo mnagawana nafasi. Ila nyingi ni dizeli 2.2, na dizeli za kisasa zina filta ya masizi ambayo haipendi vitripu vifupi vifupi, inaziba, so kama kazi yake ni shule na kurudi tafuta ya petroli.

Namba mbili Prado 150, zile za kuanzia 2009. Chesisi ya nguvu, barabara mbovu haiogopi, siti za nyuma zikilazwa zinaingia sakafuni. Shida sakafu ya nyuma iko juu, mtu mrefu anakaa amekunja miguu. Fortuner inafuata, ni Hilux iliyovaa bodi ya familia, ngumu kweli, lakini siti za tatu ukizikunja zinaning'inia pembeni ya buti zinakula nafasi ya mabegi, na kwenye matuta waliokaa nyuma ndo wanajua.

Mwisho Nissan X-Trail ya toleo la T32 na Mitsubishi Outlander. Mafuta zinakula kidogo, kupaki rahisi, ila nyuma ni watoto tu. Na usinunue kwa jina, Outlander ya kuchaji kwa umeme iliyoanza 2013 ina siti tano, mota ya nyuma imechukua nafasi.

Yoyote utakayochagua, simamisha siti zote saba ndo ufungue buti, wauzaji wanapenda kukuonyesha zikiwa zimelazwa. Cheki matundu ya AC na eabegi za pazia, zile zinazoshuka pembeni kwenye madirisha gari ikigongwa, kama zinafika safu ya tatu. Kama ni used vuta mikanda ya nyuma mpaka mwisho uachie, ukisuasua kurudi au ukiwa umechanika pembeni, muuzaji aubadilishe kabla hujalipa.