Unataka ghorofa lako liwe la vioo? Kateni woli ipi uchukue na ipi uache

Kateni woli ni ule ukuta wa vioo unaofungwa kwa nje ya jengo. Wanaojenga ghorofa za biashara hapa Dar wengi wanakuja na picha kwenye simu, jengo linang'aa mpaka chini na halionyeshi hata fremu moja, alafu swali la kwanza ni mita ya mraba bei gani. Mi naomba uanze na swali jingine, maji yakishaingia ndani ya fremu yanatoka nje kwa njia gani? Maana yataingia tu, silikoni inachoka na jua na raba zinachoka, kwa hiyo mfumo wa kuaminika ni ule unaoyapokea maji na kuyarudisha nje. Nimesimamia kazi hizi miaka kadhaa na karibu kila nilipoitwa sababu jengo linavuja, kioo kilikuwa kizima kabisa, tatizo lilikuwa njia ya maji.

Mpangilio huu wa mifumo, kuanzia ule ninaoupendekeza zaidi, ni kwa ghorofa 3 mpaka 6, yaani yale majengo ya maduka chini na ofisi juu yanayoota kila barabara kubwa.

Namba 1 ni mfumo wa kufunga bomba (zile fremu za aluminiamu) moja moja saiti, wenye kofia kwa nje. Fundi anasimamisha bomba za aluminiamu kwenye slabu, anakatiza zinazolala, anaweka kioo, anakibana na bamba lenye raba na skrubu afu juu yake anapachika kofia. Kwa nje utaona mistari na hiyo mistari ndo inayofanya watu waukatae, ila kioo kimebanwa pande zote nne, kikipasuka unavua kofia unabadilisha bila kusumbua vya jirani, na mafundi wanaouelewa wapo wengi. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinategemea mkono wa fundi. Kuna jengo niliitwa Sinza, ghorofa ya 3 kapeti inalowa kila mvua ikinyesha, wameshapaka silikoni mara tatu na inazidi kuvuja, kumbe fundi aliviona vile vitundu vidogo vya chini kwenye bomba zinazolala akadhani ni kasoro ya kiwandani akaviziba vyote. Vile ndo mlango wa kutolea maji! Kila walivyoongeza silikoni ndo maji yakazidi kufungiwa ndani. Tulizibua kwa drili siku mbili na masika yaliyofuata palikuwa pakavu.

Kitu kingine hapohapo, aluminiamu inatanuka sana. Bomba la mita 6 joto likipanda nyuzi 40 linarefuka milimita 5 na ushee, kwa hiyo maungio lazima yaachiwe nafasi ya kucheza. Ukiona fundi anagonga bomba mpaka zimegusana na anasifia kazi yake haina uwazi, msimamishe.

Namba 2 ni uleule ila kofia zimebaki upande mmoja tu, tuseme zinazolala, na pande za wima kioo kimegandishwa kwa silikoni. Unapata mistari mirefu ya kulala, jengo linapendeza na bado kuna kitu kinachokishika kioo silikoni ikichoka. Kama mistari yote inakukera, ishia hapa.

Namba 3 ni paneli zinazokuja zimekamilika kutoka kiwandani, kioo na fremu pamoja, zinapandishwa na kreni na kupachikana kama milango ya reli. Kwa ubora huu ndo mfumo bora kuliko yote, kazi imefanyika ndani ya karakana, hakuna vumbi wala haraka. Nimeuweka wa 3 kwa sababu ya ukubwa wa jengo tu, ukiwa na ghorofa 15 zinazofanana uchukue bila kufikiria, ila kwa ghorofa 4 zenye kona na mabadiliko kila wiki gharama ya droingi na kuagiza itakuumiza, na slabu ikiwa imepinda sentimita kadhaa paneli hazisamehi.

Namba 4, kioo kimegandishwa silikoni pande zote nne na kazi ya kugandisha inafanyika palepale saiti, juu ya jukwaa. Hii ndo ile ya kwenye picha, na mi naikataa. Silikoni ya kubeba kioo inataka uso msafi kabisa, unene uliopigiwa hesabu na muda wa kukauka, zile za tyubu moja, zisizochanganywa, ni kama wiki tatu kabla hujazibebesha mzigo. Saiti ya vumbi nani atasubiri wiki tatu? Kama unautaka kweli basi vioo vigandishwe karakana vikiwa kwenye fremu zake ndo vije, na viwe na vishikio vya chini. Na pua zako zikusaidie, silikoni yenye harufu ya siki ni ya bafuni na akwariamu, ukiisikia harufu hiyo kwenye ukuta wa vioo simamisha kazi siku hiyohiyo.

Namba 5 ni spaida, vile vikucha vya stenlesi vinavyoshika kioo kwenye kona. Kwa lobi ya chini sawa, kwa jengo zima hapana.

Sasa kioo chenyewe, na hapa ndo pesa yako iende. Kioo cheupe cha kawaida cha milimita 6 kinapitisha kama asilimia 80 ya joto la jua, kwa hiyo kwenye karatasi ya kiwanda tafuta namba inayoitwa SHGC, yaani sehemu ya joto la jua inayopita kwenye kioo, na usikubali iliyozidi 0.35 upande wa magharibi. Dar tuko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, jua la mchana liko karibu na utosi, kaskazini na kusini kibaraza kidogo tu kinakulinda, ila jua la saa kumi jioni linaingia mlalo mpaka mezani kwa mtu. Mteja akinisikiliza, upande wa magharibi namwambia ajenge tofali aweke madirisha ya kawaida. Kioo dabo, yaani vioo viwili vyenye uwazi katikati, kinasaidia, ila kama bajeti ni moja nunua kwanza kioo chenye koti la kuzuia joto. Kumbuka pia uzito, dabo ya milimita 6 na 6 ni kilo 30 kwa mita ya mraba, kioo cha mita 1.2 kwa 2 ni kilo 72, braketi zipigiwe hesabu na injinia. Na dabo mbovu ni hatari, jengo la John Hancock kule Boston mwaka 1973 vioo vilikuwa vinadondoka barabarani mpaka wakabadilisha vyote 10,344, sababu kiungio cha vioo viwili kilikuwa kigumu mno hakichezi.

Tempa, kile kioo kilichokomazwa kwa moto, ni imara ila huwa inaweza kupasuka yenyewe bila kuguswa, kwa hiyo juu ya njia ya watu weka lamineti, vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, ikipasuka vipande vinabaki vimeshikana.

Masaki, Kigamboni na popote penye upepo wa bahari, boliti ziwe stenlesi ya 316, ile inayohimili chumvi, na aluminiamu isigusane na chuma cheusi bila kipande cha plastiki katikati, vinginevyo chumvi itaila.

Madirisha ya kufunguka kila chumba, hili sibishani na mtu, umeme ukikatika jengo lililozibwa linakuwa tanuri. Na ule uwazi kati ya slabu na vioo ujazwe sufi ya mawe (rockwool, haiungui) kila ghorofa, maana ukiachwa wazi moto wa chini unapanda na moshi wake mpaka juu.

Mkandarasi awe amesajiliwa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kotesheni itaje aina ya kioo, raba iwe EPDM, aina inayohimili jua, unene wa bomba na jina la silikoni. Bakiza asilimia 10 ya malipo mpaka masika ipite. Na kabla jukwaa halijashushwa, leta mpira wa maji wenye presha, anza kumwagia chini ukipanda taratibu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi, pakilowa paweke alama kwa chaki na parekebishwe fundi akiwa bado yuko juu.